Geji ya mafuta haipiti nusu: anzia kwenye ethi

SWALI: Fundi, nina gari la petroli la mwaka 1986. Hata nikijaza tangi mpaka shingoni, mshale wa mafuta haupiti nusu, na usiku nikiwasha taa unashuka zaidi. Nimeshabadilisha geji ya dashibodi kwa nyingine iliyotumika, hali ni ileile. Sasa naambiwa ninunue sensa ya ndani ya tangi. Sitaki kutupa hela mara ya pili.

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Hapo kwenye taa umejijibu karibu swali lote.

Kwenye gari la umri huo umeme hutoka kwenye swichi, hupita kwenye geji, hufuata waya mmoja mpaka kwenye sensa ya tangi, kisha hurudi kwa njia ya bodi, yaani ethi. Floti, yaani boya dogo la sensa linaloelea ndani ya tangi, ikipanda na kushuka na mafuta, mkono wake huteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa, na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hubadilika. Kwenye magari mengi ukinzani ukipungua mshale hupanda kwenda F. Yapo ya kinyume, ila dalili zako zinaonyesha lako si mojawapo.

Ethi ikishika kutu huongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa, geji ikadhani mafuta yamepungua. Taa za nyuma nazo mara nyingi hutumia ethi hiyohiyo. Zikiwaka, umeme wao unagombania njia mbovu na mshale unazidi kulala.

Chomoa betri. Kwangua rangi sehemu ndogo ya chesi mpaka chuma king'ae, kisha funga waya kutoka hapo hadi kwenye bamba la chuma la sensa. Rudisha betri, washa swichi bila kupiga stata, na usubiri nusu dakika maana geji nyingi za zamani ni za polepole. Mshale ukipanda, umemaliza: tafuta ethi yenyewe, isugue msasa, ikaze na uipake grisi.

Usipopanda, chomoa waya wa sensa kwenye kiunganishi kilicho mbali na tangi. Ukiwasha swichi, mshale ulale E. Sasa uunganishe waya huo na ethi kupitia balbu ndogo ya dashibodi, na mshale unapaswa kupanda. Wengi huugusisha moja kwa moja kwenye bodi. Mimi sipendi, kwa sababu geji nyingine zina waya wa joto ndani na huungua. Ukipanda, geji na waya ni wazima. Ukigoma, fuatilia waya kwanza. Kama geji ya joto la injini nayo inasoma chini, mshuku kidhibiti volti cha nyuma ya dashibodi. Magari mengi ya zamani yanacho kimoja kwa geji zote mbili.

Sensa iwe ya mwisho. Itoe tangi likiwa na mafuta kidogo, mahali pa wazi, betri imechomolewa, na asiwepo mwenye sigara. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, usukume mkono wa floti polepole mno. Namba zitiririke bila kuruka; zikiruka, waya wa ndani umelika pale. Viwango hutofautiana: sensa nyingi za mtindo wa Kimarekani huwa na omu 240 tangi likiwa tupu na karibu 33 likijaa, hivyo usinunue yoyote kwa sababu tu imeingia kwenye tundu.

Kisha itikise floti sikioni. Mimi niliwahi kubadilisha sensa nzima, nikaitupa ya zamani kwenye ndoo. Jioni naiokota nasikia petroli inacheza ndani ya floti ya shaba. Ilikuwa imetoboka tundu dogo la kutu na kuzama, basi. Floti peke yake ingetosha. Ukikuta hivyo, usijaribu kuichomelea, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka. Weka nyingine.