Diski za kasha jekundu kwenye mashine ya Blu-ray

Ndugu wa Kondele, usimlipe fundi kubadilisha lenzi. Umesema mashine ya Blu-ray uliyoletewa kutoka Marekani inacheza diski za kasha la buluu, lakini zile za kasha jekundu ulizonunua kwa boksi inazitema. Hizo ni HD DVD, aina nyingine ya diski iliyoshindana na Blu-ray. Aina zote mbili husomwa kwa leza ya nanomita 405, ila data ya Blu-ray iko milimita 0.1 chini ya uso wa diski, na ya HD DVD milimita 0.6. Hata uipanguse lenzi namna gani, mashine yako haitasoma HD DVD. Toshiba, kampuni iliyokuwa nyuma yake, waliachana na HD DVD Februari 2008, kwa hiyo aliyekuuzia alijua anachofanya.

Kabla ya kuzitupa, geuza kila moja. Chache zina DVD ya kawaida upande wa pili. Kama ni za Marekani, upande huo ni wa eneo 1 ("region", alama ya sehemu ya dunia diski inakoruhusiwa kucheza) na Kenya ni eneo 5, basi jaribu kwenye deki isiyochagua eneo.

Ukiongeza Blu-ray, soma nyuma ya kasha. Maeneo ya Blu-ray ni ya herufi, na mashine yako ya Marekani ni ya eneo A. Kenya na Uingereza ni B, na diski zilizofungwa kwa B itazikataa. Blu-ray za 4K (za picha kali zaidi) hazina eneo, lakini zinahitaji mashine yake.

Na ile transfoma ya kushusha umeme uliyosema inapata moto: soma stika nyuma ya mashine. Ikisema 100–240V, iondoe transfoma, badilisha plagi tu. Ikisema 120V pekee, usithubutu kuchomeka ukutani bila hiyo transfoma.