Maswali ya Wasomaji: GPA Yako Inasomwaje Ng'ambo?

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: matokeo yaliyotolewa na chuo cha nchi moja yanahesabiwaje na chuo cha nchi nyingine, mtu anapoomba nafasi ya uzamili au uzamivu? Tumezijibu kwa mapana zile zenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo waombaji wengi wanapojikata wenyewe kabla chuo hakijawakata.

Nina GPA ya 3.8 kwenye kipimo cha 5.0. Mwenzangu aligawa kwa 5 akazidisha kwa 4, akapata 3.04. Kikokotoo cha mtandaoni kimenipa namba kubwa zaidi. Fomu ya chuo cha Marekani nijaze ipi? – Mhitimu wa Uchumi

Jaza 3.8, na pale panapoulizwa kipimo, andika 5.0. Vyuo vingi vya Marekani vinaeleza wazi kwenye maelekezo yao kwamba mwombaji wa nje aandike alama kama zilivyo kwenye transkripti, asizigeuze. Namba uliyoigeuza mwenyewe haitalingana na transkripti utakayopakia, na msomaji wa maombi akiona namba mbili zisizolingana atajiuliza ni ipi ya kweli.

Njia ya mwenzako ina kasoro ya msingi. Inachukulia kwamba vipimo vyote viwili vinapanda kwa hatua sawa kuanzia sifuri, jambo ambalo si kweli. Wakadiriaji wa vyeti, yaani ofisi zinazolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, hawagusi wastani wako wa mwisho. Wanashuka hadi kwenye kila somo, wanaigeuza herufi ya somo hilo, wanazidisha kwa krediti zake, halafu ndipo wanatafuta wastani upya.

Tazama mfano wa masomo matatu. La kwanza lina krediti 4 na A, la pili krediti 3 na B+, la tatu krediti 3 na B. Kwenye kipimo cha 5.0 ambapo A ni 5, B+ ni 4 na B ni 3, jumla ni 20 + 12 + 9 = 41; gawa kwa krediti 10 upate 4.1. Ukitumia njia ya kugawa na kuzidisha, unapata 3.28. Lakini somo kwa somo, kwa kawaida ya Marekani ya A = 4.0, B+ = 3.3 na B = 3.0, jumla ni 16 + 9.9 + 9 = 34.9, yaani 3.49. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu aache kuomba chuo ambacho kingempokea. Kumbuka pia kwamba jedwali la ofisi moja linaweza kutofautiana na la nyingine, kwa hiyo hesabu yako ya nyumbani ichukulie kama makisio ya kukusaidia kuchagua vyuo tu.

Kabla hujalipia ripoti ya ukadiriaji, soma ukurasa wa idara unayoiomba. Baadhi ya vyuo vinakagua vyeti vyenyewe na havihitaji ripoti ya mtu mwingine. Vikiihitaji, mara nyingi vinataka itoke kwa taasisi iliyo mwanachama wa NACES (muungano wa wakadiriaji wa vyeti wa Marekani), kama vile WES au ECE, na iwe ile ya somo kwa somo. Iko nyingine ya bei nafuu inayotaja tu kiwango cha shahada yako. Hiyo haina GPA, na watu wengi huinunua wakajikuta wanalipa mara ya pili.

Chuo cha Ujerumani kinataka "2.5 au bora zaidi". Wastani wangu ni 67 kati ya 100. Je, nimevuka? – Mhandisi Mtarajiwa

Inategemea alama ya kufaulu kwenu, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Kwanza, kule namba ndogo ndiyo bora: 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 ni ya mwisho ya kufaulu. Vyuo vingi hugeuza matokeo ya nje kwa kanuni iitwayo kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa. Hatua zake ni hizi: chukua alama ya juu kabisa ya kipimo chenu, toa alama yako. Kisha chukua tena alama ya juu kabisa, toa alama ya chini kabisa ya kufaulu. Gawa jibu la kwanza kwa la pili, zidisha kwa 3, jumlisha 1.

Kama kwenu mtu anafaulu kwa 40: 100 − 67 ni 33, 100 − 40 ni 60, 33 gawa kwa 60 ni 0.55, mara 3 ni 1.65, ongeza 1, unapata 2.65. Hujavuka. Kama kufaulu ni 50, wastani uleule wa 67 unatoa 33 gawa kwa 50, yaani 0.66, na jibu la mwisho ni 2.98. Uko mbali zaidi.

Kosa tunaloliona kila mara ni kuweka sifuri mahali pa alama ya kufaulu. Kwa 67 utapata 1.99 na utafurahi bure. Kosa lingine liko kwa wenye GPA: wanaweka pointi ya chini ya somo moja badala ya GPA ya chini kabisa inayomwezesha mtu kutunukiwa shahada. Mwenye 3.8 kwenye kipimo cha 5.0, ambaye kwao shahada inatolewa kuanzia 2.0, anapata 2.2. Akiweka 1.0 kimakosa, kikokotoo kitamwambia 1.9.

Njia ya mkato ya kujikagua: 2.5 ya Ujerumani iko katikati kabisa ya alama yenu ya kufaulu na alama ya juu. Penye 40 na 100, katikati ni 70. Penye 2.0 na 5.0, katikati ni 3.5. Uko juu ya hapo, umevuka. Uko chini, hujavuka. Wala usikadirie kwa kupunguza: 2.54 usiihesabu kuwa 2.5 mpaka chuo chenyewe kiseme.

Tunasema bila kuficha kwamba kanuni hii inawaumiza wanaotoka vyuo ambako hakuna anayepata 90 wala 95, kwa sababu inaipima alama yako dhidi ya 100 ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Huwezi kuibadilisha 100 ukaweka alama ya aliyeongoza darasa. Unachoweza kufanya ni kuomba barua ya ofisi ya msajili inayotaja nafasi yako kati ya wahitimu wa mwaka wako. Haivunji sharti la namba pale lilipo gumu, ila penye kamati inayosoma faili zima ina uzito.

Vyuo kadhaa vya Ujerumani vinapokea maombi kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje. Ada yake ni yuro 75 kwa ombi la kwanza la muhula na yuro 30 kwa kila ombi linaloongezeka muhula huohuo. Baadhi ya vyuo vinataka hati ya ukaguzi wa awali iitwayo VPD, ambayo ndiyo yenye alama yako iliyokwisha kugeuzwa. Ukiipata hujamaliza: VPD ni hati tu, na ombi lenyewe bado unalituma chuoni kabla dirisha halijafungwa. Maandalizi yake huchukua wiki kadhaa, basi ukianza siku kumi kabla ya mwisho umeshachelewa.

Uingereza wanataka "daraja la pili la juu". Transkripti yangu ina asilimia tu. Nina 64. Wazazi wananiambia 64 ni alama ya kawaida mno. – Mwanafunzi wa Sosholojia

Kwa vyuo vya Uingereza vyenyewe, 70 na kuendelea ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, 40 hadi 49 la tatu. Kule 70 ni alama nzito, na 85 ni nadra. Lakini usiichukue 64 yako ukaiweka moja kwa moja kwenye jedwali hilo, kwa sababu ni la alama zilizotolewa kwao. Karibu kila chuo kina ukurasa wa nchi mbalimbali unaosema matokeo gani ya nchi ipi kinayahesabu sawa na daraja lipi. Ukurasa huo ndio hukumu. Vyuo viwili vinaweza kutofautiana kwa nchi ileile, na hilo halina rufaa.

Ukiombwa hati ya UK ENIC, ofisi ya Uingereza ya kutambua vyeti vya nje, elewa inachofanya: inasema shahada yako iko kiwango gani ikilinganishwa na za Uingereza. Haigeuzi alama zako kuwa daraja.

Shahada yangu ni ya miaka 3. Programu niliyoipenda inataka ECTS 210, na kati ya hizo 30 ziwe za hisabati. Nitajuaje nina ngapi? – Msomaji wa Takwimu

ECTS ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi wa Ulaya: 60 kwa mwaka mzima wa masomo, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za darasani na za kujisomea zikijumlishwa. Ikiwa chuo chako hakitumii ECTS, zidisha 60 kwa miaka rasmi ya programu yako, kisha gawa kwa jumla ya krediti zinazohitajika kuhitimu. Miaka 3 ni 180. Kama kwenu kuhitimu ni krediti 360, kila krediti yenu ni nusu ya ECTS, na somo la krediti 12 ni ECTS 6. Tumia miaka rasmi ya programu hata kama wewe ulikaa miaka 4. Krediti za muhula za Marekani, kwa makadirio, moja ni ECTS 2.

Kwa hesabu hiyo una 180, na 210 hazifiki. Sababu ya chuo kung'ang'ania ni kwamba Ujerumani, kwa mfano, inahesabu shahada ya kwanza na uzamili kwa pamoja kuwa ECTS 300. Programu ya uzamili yenye 120 inampokea mwenye 180, yenye 90 inamtaka mwenye 210, yenye 60 inamtaka mwenye 240. Tafuta programu ya miaka 2 yenye 120. Ndiyo inayokufaa, na mara nyingi chuo kilekile kinayo.

Kuhusu zile 30 za hisabati, andaa jedwali: jina la somo kama lilivyo kwenye transkripti, krediti zake, ECTS ulizokokotoa, na mistari miwili mitatu ya yaliyofundishwa, ikichukuliwa kutoka muhtasari rasmi wa somo. Somo linaloitwa "Mbinu za Kiasi I" halimwambii mkaguzi kitu. Akiona ndani yake kuna aljebra ya mstari na kalkulasi, analihesabu. Uzoefu wa kazi kwa kawaida haujazi pengo la aina hii.

Kuhusu nyaraka: nimetuma transkripti, wamenijibu haijakamilika. Kila ukurasa niliuskani! – Mwombaji Aliyechoka

Angalia mgongo wa karatasi. Kwenye transkripti nyingi, maelezo ya alama, yaani A ni ngapi, kufaulu ni ngapi, krediti ni nini, yamechapishwa nyuma, na watu huskani mbele tu. Bila ukurasa huo mkaguzi hana alama ya kufaulu ya kuiweka kwenye kanuni. Kama transkripti yako haina maelezo hayo kabisa, omba barua ya msajili yenye muhuri inayoyataja.

Mambo mengine yanayorudisha maombi nyuma: bahasha iliyofungwa na chuo ambayo mwombaji ameifungua ili "kuangalia tu" (imeshapoteza uhalali, omba nyingine), jina la cheti lisilolingana na la pasipoti, bila hati ya kiapo ya kuthibitisha majina, na mfasiri anayejitia kugeuza alama. Mfasiri akiona 15 kati ya 20 aandike 15 kati ya 20. Akiandika "A" amelifanya faili lako litiliwe shaka.

Sharti ni GPA 3.0 na mimi, hata baada ya kugeuzwa, nina 2.9. Niache? – Mhitimu wa Biolojia

Usiache kabla ya kuuliza. Tazama kwanza kama sharti ni la chuo kizima au la idara, na kama linahesabu miaka yote. Vyuo kadhaa vya Marekani vinapima miaka 2 ya mwisho tu, na mwanafunzi aliyeanza vibaya kisha akapanda anaweza kuwa na 3.3 humo. Kokotoa sehemu hiyo, kisha mwandikie mratibu wa udahili wa idara barua pepe fupi: alama zako kwa kipimo cha asili, wastani wa miaka 2 ya mwisho, na swali moja, kama faili lako litasomwa. Mweleze mwalimu anayekuandikia barua ya mapendekezo jambo hilo pia, ili aliguse yeye kwa maneno yake.

IELTS yangu (mtihani wa Kiingereza) ni 7.0 na sharti ni 6.5, lakini nimekataliwa. – Bila jina

Soma mstari wa pili wa sharti. Mara nyingi umeandikwa "pasiwe na sehemu chini ya 6.0". Wastani wa 7.0 unaweza kuficha 5.5 ya kuandika. Kagua pia tarehe: matokeo ya IELTS na ya TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2, ya GRE, mtihani wa kuombea uzamili, kwa miaka 5. Chuo kingine kinataka yawe hai siku ya kutuma maombi, kingine siku masomo yanapoanza, kwa hiyo yakikaribia kuisha muulize mratibu ni siku ipi wanayoitazama.