Barua kwa mwanangu anayekwenda Italia

Zuhura mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza ushike maneno gani ya Kiitaliano kabla wewe na mumeo hamjaenda Roma na Firenze, na kama hiki Kiitaliano cha ufukweni tulichokizoea hapa Malindi kitakufaa.

Kitakufaa, ila kina pengo. Hapa sisi ndio wenyeji: tunakaribisha, tunataja bei, mgeni anasikiliza. Kule mgeni ni wewe, na kazi kubwa itakuwa kusikia. Kwa hiyo anza na hesabu, zikukae kichwani hata ukiamshwa usiku wa manane. Utaulizia mkoba wa ngozi Firenze, "quanto costa?", yaani bei gani, na jibu litakuja mbio: "sessanta" ni 60, "settanta" ni 70. Kwenye stesheni, kipaza sauti kitasema "binario" na namba, yaani njia ambayo treni yenu itasimama, na namba hiyo yaweza kubadilishwa dakika za mwisho. "In ritardo", treni imechelewa. "Sciopero", kuna mgomo. Haya huenda usiyatamke hata mara moja, lakini usipoyatambua mtaachwa. Na tiketi ya karatasi ya treni za mikoani ipigeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, msije mkatozwa faini.

Ukiingia dukani, salamu ya "buongiorno" kwanza, ndipo useme shida yako. "Ciao" tunayomrushia kila mtalii hapa, kule ni ya marafiki na watoto. Ukimwomba samahani mtu mzima au usiyemjua, mwambie "scusi", ya heshima, si "scusa". Wewe umelelewa kwa shikamoo, hilo halitakushinda.

Matamshi yasikutishe, irabu zao ni hizi hizi zetu. Chunga tu maandishi: "ch" husomwa k, na "gn" ni ny. Konsonanti zikiwa mbili, zikaze. "Anno" ni mwaka. Ukiitamka kwa n moja umetaja tupu ya nyuma mbele za watu.

Kahawa nyweni mmesimama kaunta, maana mkikaa mezani bei mara nyingi hupanda. Mkiona "coperto" kwenye bili ya chakula msigombane na mhudumu, ni malipo ya kukaa mezani, kwa kila kichwa, na huandikwa kwenye menyu. Leso moja isikutoke mkobani: kanisa la San Pietro hawamruhusu mtu kuingia mabega au magoti yakiwa wazi.

Umesema makaratasi ya viza bado. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si lugha. Maombi ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Yapelekeni wiki hii, tafadhali.

Jumapili nipigie. Nitakutajia bei kwa Kiitaliano, haraka kama wanavyosema wao, nawe unijibu kwa Kiswahili.

Baba yako