Kichwa kinachouma baada ya yoga si sumu inayotoka

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Shela, kisiwani Lamu, na tangu Desemba ninafanya yoga mara nne kwa wiki, saa moja na nusu kila asubuhi, juu ya paa la nyumba moja ya wageni. Mwalimu wetu ametuagiza tunywe lita mbili za maji kabla ya somo na lita mbili nyingine kabla ya adhuhuri, tuache chumvi, na asubuhi tunywe dafu badala ya kula. Siku nyingi namaliza somo kichwa kinaniuma na roho inanichafuka. Yeye husema hizo ni sumu zinazotoka mwilini, na kwamba nizidishe maji. Je, nizidishe hadi kiasi gani? Tena, mama yangu mwenye presha anataka kuanza pamoja nami. Naye anywe vivyo hivyo?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usizidishe. Punguza, na uanze leo.

Nimetanguliza neno hilo kwa sababu maelezo ya "sumu zinatoka" nayasikia kila kaskazi inapoingia na wageni kujaa Shela, na hakuna maelezo yanayonikera zaidi ya hayo. Yanamfundisha mtu kuifurahia dalili ambayo mwili umemletea ili kumwonya, na kadiri dalili inavyozidi ndivyo anavyoamini kwamba dawa inafanya kazi.

Jasho halikuumbwa kusafisha damu. Takriban sehemu 99 katika kila 100 za jasho ni maji, na kazi yake ni kuupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Usafishaji wa damu ni kazi ya ini na figo, na figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kila siku, awe amefanya yoga au amelala. Kinachotoka na jasho kwa wingi, ukiacha maji, ni chumvi, hasa sodiamu. Tazama fulana yako nyeusi ikishakauka kwenye kamba: ile mistari myeupe mgongoni na kwapani ni chumvi yako mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayetoka jasho, akaacha chumvi, akala dafu tu asubuhi, kisha akajimiminia lita nne za maji matupu, anaizimua damu yake kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi uliokwisha kolea.

Sodiamu katika damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Figo haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi ya maji kwa saa, na wakati wa mazoezi, au mtu anapochafukwa na roho, mwili hutoa homoni inayozuia mkojo, hivyo uwezo huo hupungua zaidi. Maji yasiyopata pa kutokea hubaki, sodiamu huzimuka, na maji huanza kuingia ndani ya chembe za mwili na kuzivimbisha. Chembe za mkono zikivimba, pete hubana. Chembe za ubongo zikivimba hazina pa kupanukia, kwa kuwa zimefungiwa ndani ya fuvu, na dalili za mwanzo ni hizo hizo ulizoniandikia, yaani kichwa kuuma na roho kuchafuka. Zinazofuata ni kutapika, kuchanganyikiwa na degedege, na wapo waliokufa.

Jambo hili limepimwa kwa wanamichezo. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba asilimia 13 kati yao sodiamu yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza, maana yake walikunywa kuliko walivyotoa. Mwanayoga wa asubuhi hatoi jasho la mkimbiaji wa kilomita 42. Ikiwa mkimbiaji yule anaweza kunywa kupita haja yake, wewe unayenyoosha viungo taratibu juu ya mkeka utaipita haja yako upesi zaidi.

Kaskazi iliyopita nililetewa binti mmoja kwa boti, akiwa ametapika njia nzima na akiitaja siku ya Jumatatu ilhali ilikuwa Alhamisi. Wenziwe walisema amekaukiwa na maji, wakaendelea kumnywesha chupa mkononi mwangu hapo hapo. Nilichokiona kwanza ni kidole chake cha pete: kilikuwa kimevimba pande zote mbili za pete, na ilitubidi tuitoe kwa uzi na sabuni. Mkojo wake ulikuwa mweupe kama maji ya bomba. Aliyekaukiwa hakojoi hivyo. Alipona, lakini alipona kwa sababu alizuiliwa maji na kupewa chumvi chini ya uangalizi wa hospitali.

Nakiri kwamba kichwa kuuma huweza pia kuletwa na upungufu wa maji, au njaa, au kuikosa chai uliyoizoea, na ndiyo maana sikubali mtu akisie. Pima uzito kabla ya somo na baada yake, ukiwa na nguo nyepesi na umeshajifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji iliyotoka. Ukikuta umepungua, kinywa kikavu, mkojo mchache wenye rangi ya chai kavu na unasikia kizunguzungu ukisimama, basi umekaukiwa. Ukikuta uzito umebaki vile vile au umepanda, na kichwa kinakugonga, weka chupa chini. Rangi ya mkojo inayotakiwa ni ya ndimu iliyokamuliwa, si weupe wa maji. Lakini usiitegemee rangi hiyo ikiwa unameza vidonge vya vitamini B, kwa kuwa huufanya mkojo uwe wa manjano kali hata kama maji yanatosha.

Kwa somo lako linaloanza alfajiri, glasi moja ya maji pamoja na chakula cha usiku na glasi nyingine ukiamka zinatosha. Wataalamu wa tiba ya michezo wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2007, walitaja mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito, saa nne kabla ya mazoezi. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 300 hadi 420, na wewe umeagizwa 2,000. Wakati wa somo piga funda ukisikia kiu. Tumbo lililojaa maji halivumilii mikao ya kujipinda wala ya kichwa chini, na huenda nusu ya kichefuchefu chako inatokana na hilo tu. Baada ya somo kunywa kiasi ulichopungua, kidogo kidogo, kisha ule: mahamri na mbaazi, au mkate na samaki, au uji wenye chumvi kidogo na achari pembeni. Kwa siku za kawaida chumvi iliyomo katika chakula hicho inatosha. Siku ya jua kali ambayo umepungua zaidi ya kilo, koroga paketi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Ukiikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, pasipo kuzidisha.

Dafu silikatazi, nalipenda. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho ni kinyume chake. Haliwezi kusimama mahali pa chakula.

Mama yako asifuate lolote kati ya haya, la mwalimu wala la kwangu juu ya chumvi, mpaka aonwe na daktari wake akiwa na dawa zake mkononi. Baadhi ya dawa za presha ni za kukojoza na hushusha sodiamu. Nyingine huzuia potasiamu isitoke, na kwa mtu wa namna hiyo dafu la kila asubuhi linaweza kumletea madhara ya moyo, hasa kama figo zake zimechoka. Mikao ya kichwa chini aiache kwa sasa, na kila anapoinuka ainuke polepole.

Ninalotaka wasomaji wengine nao walisikie ni kwamba hofu hii ya kukaukiwa inauzwa. Ule usemi wa glasi nane kwa siku hutajwa kama sheria, ilhali pendekezo la Marekani la mwaka 1945 lililotaja lita mbili na nusu liliongeza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho tayari imo katika chakula. Sentensi hiyo ndiyo iliyoachwa njiani. Mwingine huuza maji ya alkali kwa bei ya juu akidai yatabadilisha damu, wakati maji hayo yakifika tumboni hukutana na asidi kali, na kipimo cha asidi ya damu (pH) cha 7.35 hadi 7.45 hulindwa na mapafu na figo pasipo msaada wa chupa yake. Hata katika Ramadhani naona watu wakijishindilia lita mbili wakati wa daku ili wahifadhi, na kabla jua halijapanda wameshayakojoa yote, kwa kuwa mwili hauna birika la akiba.

Wanaonitia hofu zaidi ni wale wanaozunguka na dripu nyumba kwa nyumba, kila mwenye uchovu au kichwa akatundikiwa chupa bila kupimwa damu. Dripu ya glukosi kwa mtu ambaye sodiamu yake imeshuka ni maji matupu juu ya maji. Vivyo hivyo, ibuprofeni na diklofenaki anazouziwa mtu dukani kutuliza kichwa hicho hupunguza uwezo wa figo kutoa maji na huzielemea figo zilizokauka, kwa hiyo humdhuru katika hali zote mbili.

Ukitapika, ukichanganyikiwa, au mwenzio akaanza kusema maneno yasiyoeleweka baada ya somo, msimpe maji zaidi. Mpelekeni hospitali kwa boti ya kwanza mtakayoipata, na kabla mtu yeyote hajashika sindano, mwambieni ni chupa ngapi alikunywa tangu alfajiri na muombe sodiamu ipimwe.