Mrushaji mmoja kila mechi? Hapana

Mdau, umesema kocha mmoja kwenye ligi yenu ya besiboli ya watoto anamrushisha dogo yuleyule mipira kwa wapigaji kila mechi na wazazi wameanza kulalamika, hilo usilichukulie poa kabisa. Wekeni limiti ya mipira anayorusha mtoto kwenye sheria za ligi, Little League (ligi ya besiboli ya watoto iliyoanzia Marekani) wao mtoto wa miaka 9-10 mwisho mipira 75 kwa siku, 11-12 ni 85, na akirusha 66 kwenda juu anapumzika siku 4.

Anayehesabu asiwe wa timu yoyote, akae na daftari na kila ining (kipindi ambacho kila timu inapata zamu ya kupiga) ikiisha makocha wote wawili wasaini palepale, ubishi unakata. Kiwiko cha mtoto bado kinakua jamani! Softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, wanarusha kwa chini ila bega linachoka vilevile, kwa hiyo warushaji wapokezane.