Kashfa ikibisha hodi Ikulu: maneno machache kwa maafisa habari wapya

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika taarifa kwa vyombo vya habari kwamba hakuna hata shilingi iliyopotea kwenye mradi fulani. Bosi ndiye aliyeniambia. Mhasibu alikaa chumba cha tatu kutoka changu na sikwenda kumuuliza. Siku nne baadaye hati za malipo zilikuwa mikononi mwa waandishi, na swali halikuwa tena fedha ziko wapi, bali nani kamtuma huyu kijana atudanganye.

Tangu hapo, wapya wakiletwa kwangu nawaanzisha na Richard Nixon, aliyekuwa Rais wa Marekani.

Juni 17, 1972 watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama pinzani cha Democratic, kwenye jengo la Watergate, Washington. Msemaji wa Ikulu, Ron Ziegler, akaliita jaribio la wizi la daraja la tatu. Juni 23, Nixon na msaidizi wake Haldeman walikubaliana CIA, shirika la ujasusi, iwaambie FBI, wapelelezi wa makosa ya jinai, waachane na upelelezi. Funika kombe mwanaharamu apite. Kumbe kinasa sauti alichokitega Rais mwenyewe kinazunguka! Mpaka leo haijathibitishwa kwamba Nixon aliagiza wizi ule. Kilichommaliza ni mazungumzo ya siku ile. Aprili 1973 Ziegler akalazimika kuwatangazia waandishi kwamba kauli zote za nyuma hazitumiki tena. Hebu jiweke pale mbele, miezi kumi ya maneno yako unayafuta kwa pumzi moja.

Seneti ilikuwa imeshaunda kamati teule, kura 77 kwa sifuri. Humo Howard Baker, wa chama kilekile cha Nixon, akauliza Rais alijua nini, na alijua lini. Shikeni hilo "lini". Wabunge wanaochunguza hutafuta tarehe kuliko kitu kingine. Kabla hujaandika sentensi moja ya kujibu, chukua karatasi upige mistari: siku gani, nani aliambiwa, na nani, kwa barua au kwa mdomo. Penye pengo paache wazi, usipajaze kwa matumaini. Nixon hakutaka karatasi hiyo ionekane. Oktoba 1973 akaagiza mwendesha mashtaka maalumu aliyedai kanda za kinasa sauti kile afukuzwe. Mwanasheria Mkuu na naibu wake wakaondoka kuliko kutekeleza. Agosti 9, 1974 Nixon naye akaondoka madarakani.

Ronald Reagan, Rais wa Marekani miaka ya baadaye, alianza vibaya vilevile. Novemba 13, 1986 alikana kwenye televisheni kwamba serikali yake iliipa Iran silaha ili mateka waachiwe. Lakini siku 12 baadaye Mwanasheria Mkuu wake, Edwin Meese, alitangaza mwenyewe kwamba sehemu ya fedha za silaha hizo ilipelekwa kwa waasi wa Contra, Nicaragua. Habari mbaya ikatoka Ikulu kabla ya kutolewa na wengine. Kisha akaletwa balozi David Abshire, kazi yake kuratibu majibu kwa wachunguzi, ili wengine waendelee kuendesha serikali. Huo mpango naupenda sana: anayejibu kashfa asiwe miongoni mwa wanaotajwa humo. Na mnadhimu mkuu mpya wa Ikulu, Februari 1987, akawa nani? Howard Baker yuleyule. Machi 4 Reagan akakiri mbele ya taifa kwamba moyo wake ulikataa, ila ushahidi ulionyesha silaha zilibadilishwa kwa mateka. Alimaliza muhula wake.

Msinielewe vibaya, palikuwa na uchafu pia. Oliver North, ofisa wa Ikulu aliyehusika na mpango ule, alitia makaratasi kwenye mashine ya kuchana, na baadhi ya wahusika waliokolewa na msamaha wa Rais aliyemfuata Reagan, George Bush mkubwa, mwaka 1992. Ila ujumbe ambao North aliufuta kwenye kompyuta ulikutwa kwenye nakala za akiba. Kwa hiyo lile kundi lenu la WhatsApp la ofisini, mnalotaniana humo huku mkijadili nani aambiwe nini, lichukulieni kuanzia leo kama faili lenye muhuri.