Wilco na albamu iliyolipiwa mara mbili

Wiki iliyopita niliigusia bendi ya Wilco ya Chicago kwa sentensi moja tu. Kumbe wapenzi wake mpo, na mna maswali. Haya, tuyapunguze.

Hivi Wilco ni jina la mtu? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Ni lugha ya simu za upepo: rubani au askari akijibu "wilco", anasema nimekusikia na nitatekeleza. Kichekesho ni kwamba watu wenyewe si watekelezaji wazuri wa amri, kama utakavyoona. Bendi ilizaliwa mwaka 1994 baada ya Jay Farrar kujitoa Uncle Tupelo, kundi la mji wa Belleville, Illinois. Waliobaki wakakusanyika chini ya Jeff Tweedy, na albamu yao ya kwanza, A.M., ikatoka 1995.

Nimesikia kampuni ileile iliwalipa mara mbili kwa albamu moja. Ni kweli au watu wametia chumvi? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, ila fedha zilitoka mifuko miwili ya koti moja.

Mwaka 2001 Wilco walikuwa na mkataba na Reprise, lebo iliyo chini ya Warner. Walirekodi Yankee Hotel Foxtrot kwa gharama ya Reprise, sehemu kubwa wakiwa kwenye ghala lao wenyewe pale Chicago, linaloitwa The Loft. Wakati huo AOL, kampuni ya intaneti, na Time Warner, wenye Warner, zilikuwa zimetoka kuungana, wakubwa wa zamani wanaondoka, na waliobaki wanatafuta vibao vya redioni. Walipoisikia kazi hiyo hawakuona kibao hata kimoja. Wakataka irekebishwe, bendi ikagoma, mkataba ukavunjwa. Lakini Wilco waliondoka na kanda zao mkononi, na hapo ndipo Reprise walipopigwa chenga.

Albamu ilikuwa imepangwa kutoka tarehe 11 Septemba 2001. Siku hiyo mnaijua. Wiki moja baadaye, tarehe 18, bendi iliiweka kwenye tovuti yake watu wasikilize bure. Walipoingia barabarani kupiga shoo wakakuta mashabiki wanaimba nao neno kwa neno nyimbo za albamu ambayo hakuna duka lililokuwa nayo. Lebo zikaanza kupigana vikumbo. Aliyeshinda ni Nonesuch, ambayo nayo ilikuwa chini ya Warner! Ikaitoa Aprili 2002, ikauza nakala 55,000 wiki ya kwanza na kuingia nafasi ya 13 kwenye chati ya Billboard. Mpaka wakati huo hawakuwa wamewahi kufika juu hivyo.

Mbona walimtimua Jay Bennett, na ndiye aliyekuwa fundi wao? (Msomaji, Nairobi)

Fundi kweli: gitaa, kinanda, mitambo, vyote alivimudu, na nyimbo nyingi za albamu hiyo aliziandika pamoja na Tweedy. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye neno la mwisho kwenye kuchanganya sauti. Tweedy alimleta Jim O'Rourke aifanye kazi hiyo, na O'Rourke alipunguza mengi yaliyokuwa yamerundikwa.

Mtengeneza filamu Sam Jones aliwafuata na kamera mwaka mzima, na filamu yake ya nyeusi na nyeupe ya 2002 imenasa siku moja mbaya. Bennett anang'ang'ania kueleza namna wimbo mmoja unavyopaswa kuungana na unaofuata. Tweedy anasema nimekuelewa. Bennett anaeleza tena, na tena. Mwisho Tweedy, mgonjwa wa kipandauso tangu utotoni, anakwenda chooni kutapika. Ukiangalia mara ya kwanza utamlaumu Bennett. Mimi nilipoirudia nilimwonea huruma: mtu anaelezea kazi yake kwa watu walioshakata shauri. Alifariki Mei 2009, akiwa na miaka 45.

Indie gani hiyo, ikiwa walikula mkate wa Warner miaka yote? (Msomaji, Dodoma)

Hoja yako ina uzito. Kwa karatasi za mkataba, hawakuwa indie, yaani bendi huru isiyo chini ya kampuni kubwa, mpaka 2011 walipoanzisha lebo yao, dBpm. Kwa tabia ni tofauti. Mwaka 1996 albamu yao Being There ilikuwa CD mbili, nao wakakubali kupunguziwa mrabaha ili mashabiki wainunue kwa bei ya moja. Ghala wanalo bado. Tangu 2010 wana tamasha lao, Solid Sound, kwenye jumba la sanaa la MASS MoCA mjini North Adams, Massachusetts. Na wanamuziki sita waliopo leo ni walewale tangu 2004, jambo ambalo kwa bendi ni nadra kuliko Grammy. (Grammy nazo wanazo, mbili zilitokana na albamu yao A Ghost Is Born.)

Shikamoo. Nina miaka 19, nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Anza na hiyohiyo Yankee Hotel Foxtrot, usiku, na spika za masikioni. Wimbo wa kwanza utakuchanganya. Drams zinaingia kama mtu aliyejikwaa jikoni. Vumilia. Ukifika mwisho wa wimbo "Poor Places" utasikia kelele za mawimbi ya redio zikipanda, na sauti ya mwanamke ikirudia maneno matatu, ambayo ndiyo jina la albamu. Zilinaswa kutoka kwenye kituo cha redio cha kijasusi, wakazichukua bila ruhusa ya waliotoa mkusanyo wa sauti hizo, wakashtakiwa, wakamalizana nje ya mahakama. Kwa hiyo ukizisikia kelele hizo, usizivue spika na kuzipigapiga. Hazijaharibika.